Lori Lililowaka Saa Nne

Mwezi uliopita tulimzika Gerevazi pale Kasulu, na mhubiri alisimama akasema marehemu alikuwa fundi mwaminifu, na kwamba mkono wake wa kulia ulipinda akiwatumikia wananchi. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, kwenye benchi la shule lililokosa mguu mmoja, nikawa naangalia viatu vyangu. Kijana mwenye orodha ya wasemaji akaniinamia sikioni: "Baba Venansi, wewe ulifanya naye kazi Kibondo enzi zile. Sema hata maneno mawili." Nikasimama, nikasema, "Alikuwa anajua injini," nikakaa. Wakadhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu nilikuwa nao kweli, ila si ule walioufikiria wao. Wajukuu zake walikuwa wanalia, na mimi na wajukuu hatuna ugomvi. Haya niliyoyameza pale makaburini nayaandika hapa, na majina nayataja. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu naweza kuliandika likasomeka.

Mwaka wenyewe ni wa sabini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa tatu tangu nivuke mpaka kutoka Burundi, na kwa nini nilivuka kila mtu wa huku anajua, sina haja ya kueleza. Udereva nilikuja nao kutoka kule. Kibondo walikuwa na lori moja la kupeleka unga na mbegu kwenye vijiji vipya, maana ndio mwaka watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye migomba yao na kupangwa kando ya barabara, na wengi walifika pale hakuna hata paa. Lori lenyewe lilikuwa la petroli, la Kiingereza, la zamani hata kwa wakati ule: pua ndefu, rangi ya kijani imebabuka, boneti inafunguka kwa pembeni huku na huku kama kuku anayetaka kupiga mbawa. Stata ilikuwa imekufa kabla sijafika. Tuliliwasha kwa hendeli, ule mtaimbo uliokunjwa unaoingizwa kwa mbele na kuzungushwa kwa mkono. Tukaliita Mukecuru, yaani bibi kizee, na kwa miezi mitano ya mwanzo nilimpenda bibi kizee yule kuliko mtu yeyote wa Kibondo. Lilikuwa linaguna kidogo, mara mbili, mara tatu, halafu linashika.

Nilipewa chumba ubavuni mwa stoo. Kilikuwa chumba cha mbao, kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia shati, na harufu ya petroli iliyoingia mpaka kwenye blanketi. Upande wa pili wa ule ukuta wa mbao ndiko alikokaa mtunza stoo. Tangu mwezi wa tano alikuwa Shabani, mtu aliyetoka Ujiji, mcheshi, mvaa kofia safi, anayelalamika kila siku kuhusu baridi ya milimani kwetu. "Ninyi watu wa huku," alikuwa anasema, "hata Mungu akitaka kuwaadhibu ataanzia wapi? Mmeshaadhibiwa na hali ya hewa." Mizigo yake ilipakiwa na kupakuliwa na Sirili, mkimbizi kama mimi, wa rika langu, mrefu, mwenye kigugumizi kidogo kikimjia akiwa na hasira. Chakula nilikula kwa Gerevazi, yeye ndiye fundi wetu, Muha wa Kasulu, alikuwa amepanga nyumba hatua mia moja kutoka stoo. Mkewe, Mama Edita, alikuwa anatuwekea ugali wa muhogo na maharage yaliyokolea mawese mpaka yanang'aa, na siku ya soko dagaa. Tulikaa jikoni kwake kwenye vigoda, magoti yanagusana, moshi unatutoa machozi, na Gerevazi anafundisha injini kwa kutumia vijiko.

Nitakuwa muongo nikisema hakunifundisha. Alinifundisha. Alikuwa anasema injini inataka vitu vitatu tu, moto, petroli na hewa, na mtu mwenye akili haanzi kugusa cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. "Ukigusa vyote kwa pamoja," alisema, "hata ikiwaka hutajua umeponya nini." Alinifundisha pia kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe. "Injini ikirudi nyuma inauvunja mkono kama muhogo mkavu. Unasikia, Venansi?" Nikaitikia ndiyo ya kwetu, "Ego, Mzee." Ni maneno yale yale nimewafundisha vijana wengine baadaye, na kila ninapoyasema huwa naona namtolea salamu mtu ambaye sitaki kumsalimia.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza ile ya kuona pumzi yako, Mukecuru aligoma. Alfajiri napiga hendeli, hakuna kitu. Napiga tena, napumzika, napiga, jasho linanitoka kwenye baridi ile, na injini inazunguka bila hata kukohoa. Watu wa kupakia wamekaa juu ya magunia wananitazama. Ikifika saa nne, jua limeshapiga boneti, naingiza hendeli kwa kukata tamaa, nazungusha nusu duara, linawaka. Linawaka kama vile halijawahi kuwa na neno na mtu. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tano hakuna aliyecheka, maana ukitoka saa nne Kibondo hufiki kijiji cha mwisho na kurudi, na unga unalala njiani. Siku ya kumi nilisikia mwanamke mmoja kwenye foleni ya unga akimwambia mwenzake kwa Kiha, bila kujua kwamba ninaelewa, "Huyo dereva ni wa ng'ambo. Anataka tufe sisi kama walivyokufa wao."

Maneno hayo yalipanda mpaka ofisini. Pale alikuwepo Mbelwa, mshughulikiaji wa usafiri, mtumishi aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mbelwa alikuwa anaulizwa na wakubwa zake kwa nini unga haufiki, na mtu anayeulizwa na wakubwa hutafuta wa kumwuliza yeye. Aliniita Jumatatu. Mezani kwake alikuwa na chai ya maziwa imefunikwa kisosi, na kwa muda wote aliokuwa ananisema hakuigusa.

"Ndugu Venansi, lori linakataa asubuhi tu?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Saa nne linakubali."

"Ndiyo."

"Chuma kinajua saa? Nakuuliza. Chuma kinavaa saa?"

"Hapana, Ndugu."

"Basi kuna mtu anavaa saa." Akaegemea nyuma. "Hiyo kwa lugha yetu inaitwa hujuma. Mhujumu raia tunajua tunampeleka wapi. Mhujumu mkimbizi ni kazi nyepesi zaidi. Ijumaa alfajiri nitakuja mwenyewe na mgambo. Lisipowaka mbele ya macho yangu, Mabamba. Wenyewe wa upande ule watajua la kufanya na wewe."

Mabamba ndipo mpaka. Kwa wenyeji lilikuwa jina la mahali pa kulima na kubadilishana ndizi na sabuni. Kwetu sisi lilikuwa jina la mlango. Mtu aliyesukumwa kutokea pale kurudi kule mwaka ule hakuandika barua ya kusema amefika. Nilitoka ofisini, nikaenda moja kwa moja kwenye lori, nikafungua boneti, nikasimama naliangalia lile dude la chuma, na kwa mara ya kwanza sikuliona bibi kizee. Niliona hakimu.

Jumanne nikaanza na moto. Nilichomoa plagi ya kwanza, nikaiegemeza kwenye chuma, Sirili akazungusha, cheche ikaruka ya bluu, inalia. Zote sita hivyo hivyo. Nikasafisha pointi, zile zinazokata na kuunga moto, ingawa zilikuwa safi. Moto ulikuwepo. Nikashika hewa: chujio nililitoa kabisa, injini ivute baridi yenyewe. Hakuna. Ila kitu kimoja nilikiona: plagi zilikuwa kavu. Ukizungusha injini mara hamsini na plagi zikatoka kavu, basi petroli haifiki. Jumatano nikafungua bomba linaloingia kwenye kabureta, Sirili akazungusha, petroli ikaruka ikanilowesha kifua. Pampu ilikuwa nzima. Nikachukua kijiko cha Mama Edita, nikamimina petroli kijiko kimoja kwa mkono kwenye koo la kabureta, nikapiga hendeli. Lilinguruma! Mapigo sita, saba, halafu likafa. Sirili alipiga kofi akasema, "Linataka ku-kulishwa kama mtoto!" Basi petroli inafika mpaka kwenye kabureta, na ndani ya kabureta haipiti.

Nilipomwambia Gerevazi mchana, mkono wake uliokuwa na tonge ulisimama njiani. Akasema, "Ni koili hiyo. Koili ikipoa inakufa."

"Mzee, cheche ni ya bluu."

"Nimesema koili. Kabureta usiifungue. Ukipoteza kidude kimoja mle, spea hakuna mpaka Dar. Utakuwa umejifunga mwenyewe."

Mama Edita alikuwa anapakua. Alimwangalia mumewe muda mrefu kuliko mke anavyomwangalia mume kwa ajili ya koili. Mimi nilikuwa na siku moja na nusu ya kuishi, nikasema ego Mzee, na Alhamisi alfajiri nikaifungua.

Nilitandika gunia safi chini ya lori, vidole vimekufa ganzi, nikalegeza skrubu nne za bakuli la kabureta, lile inamokaa petroli ya akiba. Petroli ilikuwemo. Lakini chini yake, kwenye sakafu ya bakuli, kulikuwa na kitu kimetulia kama nta, rangi ya chungwa, na kile kitundu kidogo cha shaba petroli inapopita kuelekea kwenye injini kilikuwa kimezibwa nacho kabisa. Nikakichota kwa ukucha. Nikakinusa. Halafu, Mungu ananiona, nikakilamba. Yalikuwa mawese. Mafuta yale yale niliyokuwa nayala kila mchana. Huku juu kwetu, mwezi wa sita na wa saba, mawese alfajiri ni magumu, kila mama anasogeza chupa yake karibu na jiko ndipo apike. Jua likipanda yanalainika yenyewe. Chuma hakikuwa kinavaa saa. Mawese ndiyo yalikuwa yanavaa.

Nilikaa pale chini na furaha yangu kwa muda kama wa kumeza mate, halafu ikageuka. Maana nani ameweka mawese ndani ya lori? Nikimwonyesha Mbelwa ule ukucha wangu, ataniuliza hivyo, na mtu anayelala ukuta mmoja na petroli na kushika lori kila siku ni mimi. Nimetafuta cha kuniokoa nikapata ushahidi wa kunifunga. Sirili alikuja akanikuta nimekaa hivyo. Nikamwonyesha. Akaangalia, akasema bila kigugumizi hata kidogo, "Madebe ya Shabani."

Akanieleza. Shabani alikuwa anachota petroli kwenye mapipa ya stoo anauzia watu wa mabasi ya Kasulu. Anachotea kwenye madebe yaliyomletea mawese kutoka kwa ndugu zake ziwani, amefuta kwa tambara tu, pembeni bado yana rangi. Mteja asipokuja, petroli inarudi kwenye pipa, na utando wa mawese ndani yake. Kwao Ujiji hayagandi, joto la kule haliruhusu. Mtu wa Kasulu au Kibondo hata awe mwizi wa namna gani asingefanya kosa hilo, angejua asubuhi itamwumbua. Lakini huyu alikuwa mgeni wa baridi. Nikauliza, "Gerevazi anajua?" Sirili akacheka kwa pua. "Nani unafikiri anawaita wa-watu wa mabasi?"

Mchana nilienda kwa Gerevazi, sikukaa. Nikamwekea ile nta ya chungwa kwenye sahani yake. Akaitazama. Mama Edita akatoka nje, akaenda kusimama kwenye migomba. Gerevazi akasema polepole, "Nilikwambia usifungue."

"Mzee, kesho wananipeleka Mabamba."

"Najua."

"Kwa mawese yenu."

"Punguza sauti." Akajifuta mikono. "Sikiliza, mwanangu. Kisafishe hicho kitundu, nyamaza. Petroli ya kwenye tangi ni hiyo hiyo chafu, kwa hiyo kesho asubuhi kitaziba tena. Mimi leo napanda basi Kasulu, nina jamaa yangu mwenye petroli safi. Alfajiri nitakuwa nayo hapa. Tutaitia, litawaka, Mbelwa atakwenda zake, na Shabani nitamwambia mimi aache." Akaniwekea mkono begani. Nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mtu huyo alinilisha karibu nusu mwaka. Ningemwamini nani mwingine?

Ijumaa alfajiri ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye matairi. Mbelwa alikuja na koti zito, na kiongozi wa mgambo, Lukasi, na vijana wake wawili wenye marungu. Watu wa foleni walikuwa wameshajaa, maana habari ya mtu kufukuzwa inatembea haraka. Shabani alisimama mlangoni mwa stoo akijifunga kanga ya baridi shingoni. Gerevazi alikuja kutoka upande wa stendi mikono mitupu. Alikuwa anaangalia juu, kama mtu anayekisia mvua. Nikamfuata. "Petroli, Mzee?" Akasema kwa midomo bila kugeuza kichwa, "Hakuwepo."

"Ndugu dereva," Mbelwa akaita, "tunakusubiri wewe au tunasubiri saa nne?" Watu wakacheka.

Nilikimbia jikoni kwa Mama Edita. Sufuria ya maji ya chai ilikuwa inatokota. Hakuniuliza, alinipa na tambara la kushikia. Nikarudi nayo, nikafungua boneti, nikachovya gunia, nikalikamua, nikalivika kabureta kama unavyomkanda mtu jipu, mara tatu, polepole, maji yasivuke kwenda kwenye nyaya. Nilisikia hata Lukasi anavyopumua. Nikaingiza hendeli, kidole gumba pembeni, nikazungusha. Mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili likashika, moshi ukatoka, watu wakapiga kelele, na mimi nikaegemea taa ya lori. Nilidhani nimepona.

Mbelwa alisubiri kelele ziishe. "Safi sana," akasema. "Kumbe dawa unaijua. Wiki tatu wananchi wanalala njaa na dawa unaijua." Akamgeukia Gerevazi. "Fundi, ndani ya hiyo kabureta kuna nini kinachotaka maji ya moto?"

Hapo ndipo mhubiri angetakiwa awepo. Gerevazi aliniangalia, akamwangalia Shabani, akasema, "Mimi kabureta sijaifungua, Ndugu. Aliyeifungua ni yeye. Nilimkataza." Kila neno lilikuwa la kweli. Ndivyo alivyofanya, alichagua maneno ya kweli moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Nikafungua mdomo, haikutoka sauti. Iliyotoka ni ya Sirili. Alisukuma watu akaja mbele, kigugumizi kimemkaba, "Ma-ma-madebe! Tazameni ma-madebe ya Shabani! Ni mwizi wa pe-petroli, na fundi anajua!" Kuna mtu aliiga kigugumizi chake, watu wakacheka tena. Shabani akasema kwa upole, "Ndugu Mbelwa, hawa ni wa kabila moja na kambi moja. Unategemea watasemaje?" Mbelwa hakwenda kuangalia madebe. Yalikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Akasema, "Pakieni wote wawili."

Tulikwenda Mabamba kwa lori nililoliwasha mwenyewe. Gerevazi aliendesha, Lukasi pembeni yake, sisi nyuma na vijana wa mgambo, juu ya magunia matupu, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Njiani Sirili aliniambia, "U-usijute. Angalau tumesema." Mimi sikuwa nimesema chochote. Tulifika jioni. Watu wa upande wa pili waliotakiwa kutupokea hawakuwepo, ikasemwa watakuja kesho yake mchana, tukalazwa kwenye kibanda cha udongo cha mgambo, na lori likazimwa.

Asubuhi nilisikia hendeli. Nilihesabu bila kutaka: kumi, ishirini. Nikasikia sauti ya Lukasi, "Lori hili halikutakiwa kuwa huku, fundi! Lazima lionekane Kasulu leo likapakie mbegu. Wakiuliza nitasema nini?" Nikasikia Gerevazi anaomba maji ya moto, wanamletea, anahangaika. Halafu ukaja mlio mmoja kama mti kupasuka, na yowe. Kijana wa mgambo alitufungulia mlango kuangalia, na sisi tukaona: Gerevazi amepiga magoti mbele ya lori, mkono wa kulia umekunjika na kuning'inia pasipo na kiwiko. Kwa haraka yake alizungusha kidole gumba. Huo ndio utumishi wa wananchi uliompinda mkono.

Lukasi alikuja kibandani. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu mwenye haraka. Hapakuwa na dereva mwingine mpaka Kibondo mjini. Akachuchumaa mbele yangu.

"Utaliwasha?"

"Nitaliwasha."

"Utaendesha mpaka Kasulu?"

"Nitaendesha. Lakini sirudi hapa. Nipelekeni polisi Kasulu, mahakamani, nikashtakiwe kwa karatasi."

Akanitazama. Alijua, nami nilijua, kwamba mahakamani hakuna atakayeleta hayo mashtaka. Ndivyo ilivyokuja kuwa: nililala mahabusu miezi miwili, nikafunguliwa bila maelezo, leseni sikurudishiwa, na Shabani alihamishiwa stoo kubwa zaidi. Mbelwa alipanda cheo. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale kibandani Lukasi alisema, "Kitu kingine?"

Sirili alikuwa amekaa karibu yangu kiasi kwamba bega lake lilikuwa linagusa langu. Hakuomba. Nilikuwa na Lukasi mkononi kwa wakati ule, nalijua hilo sasa na nililijua wakati ule. Asingekuwa na la kufanya. Bila mimi lori lingebaki Mabamba mpaka saa nne, na hata saa nne asingekuwepo wa kuliendesha. Ningeweza kusema, na huyu. Maneno mawili. Nikawaza: nikiongeza mtu, atakasirika, atabadilisha mawazo, atasema basi kaeni wote. Nikawaza pia, na hili sijawahi kumwambia padri wala mke wangu, kwamba akibaki mmoja pale, wale wa upande wa pili wakija mchana watapata wa kumchukua, na hawatauliza habari za wa pili.

Nikasema, "Hapana. Hicho tu."

Wakanifungua kamba. Nikavika kabureta gunia la moto, mara tatu, polepole, nikachelewesha cheche kidogo ili injini isinirudie, nikashika hendeli kama nilivyofundishwa. Liliwaka mara ya kwanza. Gerevazi walimpandisha mbele kati yangu na Lukasi, analia, ananiita mwanangu. Nilipokuwa nageuza nilimwona Sirili mlangoni mwa kibanda, vijana wawili huku na huku. Aliinua mikono yake iliyofungwa, yote miwili kwa pamoja, akanipungia. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu anayemwona mwenzake amepata lifti.

Nimetaja Shabani, nimetaja Mbelwa, nimetaja Gerevazi. Wa nne anaitwa Venansi.